Darajani Bila Daraja

Ndugu msikilizaji, juzi nilitoka kwangu Chukwani nikaenda mjini sokoni. Pale Darajani mgeni mmoja akaniuliza: daraja lenyewe liko wapi? Nilicheka, kisha nikaona swali lake ni la haki. Sisi tunapita pale kila siku, wala hatujiulizi.

Barabara ile, ambayo Waingereza waliiita Creek Road na leo ni ya Benjamin Mkapa, zamani ilikuwa maji. Mkono wa bahari uliingia kutoka Funguni, na maji yakijaa yaliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Watu wakivuka kwa daraja. Katika karne ya 20 mkono huo ulifukiwa kwa awamu. Daraja likaondoka, jina likabaki.

Anayeifuata barabara hiyo kwa miguu husoma historia. Lipo soko la mwaka 1904. Karibu yake, Mkunazini, lipo Kanisa Kuu la Kianglikana, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, Waingereza walipomshinikiza Sayyid Barghash, yule yule mwenye kasri la mapumziko hapa kwetu Chukwani. Kusini, Mnazi Mmoja, lipo jengo lenye kuba la Beit el-Amani, lililofunguliwa mwaka 1925 kuwa makumbusho.

Lakini lipo linalonikera. Watembezaji wengi wa wageni wakifika barabarani hugeuza. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia, na mgeni hudhani ng'ambo ya pili hakuna cha kuona.

Kumbe huko ndiko walikoishi wachukuzi, mafundi na watu waliotoka utumwani. Ndiko alikokaa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Ndiko yaliko majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa mgeni akiishia upande mmoja wa barabara, mwenyeji wa upande wa pili atapona vipi?

Bahari tulikwishaifukia, ndugu msikilizaji. Kilichobaki ni kuwavusha wageni.