Supu Iliyobaki Palawan

Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaa wetu hapa Kakuma alipanda ndege kwenda kuanza maisha Marekani. Alikuwa na hoteli ndogo, mabati machache na mabenchi mawili, na maharage yake yalijulikana mpaka mitaa ya mbali. Siku ya kumsindikiza tulilia, tukapiga picha. Kesho yake mlango wa kibanda ulikuwa umefungwa kwa kamba. Kwenye kikundi chetu cha vijana jamaa mmoja akasema, "Kambi ni hivyo. Watu wanakuja, watu wanaenda, hakuna kinachobaki." Tukanyamaza wote. Mimi pia nilinyamaza, lakini nilirudi nyumbani na hasira, juu nilikuwa nimesoma habari za kambi moja iliyofungwa zamani na chakula chake bado kinauzwa. Siku ile maneno hayakutoka. Nayaandika sasa.

Kambi hiyo ilikuwa Ufilipino, kwenye kisiwa cha Palawan, katika mji wa Puerto Princesa. Waliokaa humo walikuwa Wavietnam. Leo katika mji huo utakuta hoteli ndogondogo zilizoandikwa "chaolong" mlangoni. Ukiagiza unaletewa bakuli la tambi za mchele kwenye supu ya nyama ya ng'ombe au ya nguruwe, yenye rangi ya kahawia na utamu kwa mbali. Juu yake unaweka mwenyewe choroko zilizochipua, majani yenye harufu, ndimu ndogo na pilipili. Pembeni kuna mkate wa Kifaransa wa kuchovya. Ni chakula cha bei nafuu, cha wanafunzi na madereva wa pikipiki za magurudumu matatu, na wapishi wengi siku hizi ni Wafilipino wenyewe.

Ili uelewe supu hiyo ilifikaje huko, lazima turudi Vietnam kwanza.

Supu yao inayojulikana zaidi duniani inaitwa phở. Ilizaliwa kaskazini, pande za Nam Định na Hanoi, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Wafaransa wanatawala. Zamani mkulima wa kule hakuchinja ng'ombe ovyo, maana ng'ombe na nyati ndio walimlimia shamba. Wafaransa wakaja na hamu yao ya nyama. Walichukua minofu, mifupa na vipande vilivyobaki viliuzwa kwa bei ya kutupa. Basi wachuuzi wakaichukua ile mifupa wakaichemsha. Walitembea na mti begani, upande mmoja sufuria na jiko la makaa, upande wa pili mabakuli na tambi, wakiuza mtaa kwa mtaa. Yaani chakula ambacho leo watu wanakipigia picha katika miji mikubwa kilianzia kwenye mabaki ya meza ya mkoloni. Sisi tunaokula matumbo na miguu ya ng'ombe hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Unafuu wake una siri, na siri yenyewe ni muda. Mifupa inachemka saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, kwa moto mdogo. Tangawizi na kitunguu vinachomwa kwanza motoni mpaka ngozi iwe nyeusi. Kisha mdalasini, karafuu ileile ya pilau, na kiungo kikavu chenye umbo la nyota. Chumvi yake inatoka kwenye maji ya samaki wadogo kama dagaa, waliovundikwa kwa chumvi miezi mingi. Asubuhi kazi imebaki ndogo: tambi zinachovywa kwenye maji moto, nyama mbichi iliyokatwa nyembamba kama karatasi inawekwa juu, supu inamwagwa, nyama inaiva hapohapo bakulini. Nyama kidogo, ladha nyingi. Hoteli ya namna hiyo inahitaji sufuria moja kubwa na familia inayokubali kuamka usiku. Haihitaji jiko la maana wala orodha ndefu ya vyakula.

Safari ya kwanza ya supu hii ilikuwa ndani ya nchi yenyewe. Mwaka 1954, baada ya mkataba wa Geneva, Vietnam ilikatwa vipande viwili, na karibu watu milioni moja walihama kutoka kaskazini kwenda kusini. Walifika Saigon kama wageni. Wengine wakafungua hoteli. Watu wa kusini waliipokea supu, lakini waliibadilisha: wakaongeza majani mengi, choroko zilizochipua, ndimu, na michuzi mitamu ya kutia mezani. Mpaka leo Wavietnam wanabishana ipi ndiyo phở ya kweli, kama sisi tunavyobishana kuhusu sombe, iwe na karanga au isiwe nazo. Kwa hiyo supu ilijua ukimbizi mapema, kabla ya mtu yeyote kupanda mashua.

Hapa niweke hadithi moja ya pembeni. Saigon kulikuwa na hoteli ndogo iitwayo Phở Bình, ya mzee Ngô Toại. Chini wateja walikula supu, wakiwemo wanajeshi wa Marekani. Ghorofani, wapiganaji wa upande wa pili walipanga mashambulizi ya Tết ya mwaka 1968 katika mji huo. Mzee alikamatwa akafungwa. (Ndugu zetu wa usalama, tafadhali msianze kupekua vibanda vyetu. Kwetu ghorofa haipo.)

Tarehe 30 Aprili 1975 Saigon ilianguka, vita vikaisha, na watu wakaanza kutoroka. Kati ya 1975 na 1995 karibu watu 800,000 walifika nchi za jirani kwa mashua. Wengine wengi walizama, au waliangukia mikononi mwa maharamia. Nchi jirani nazo zilichoka. Malaysia iliwaweka wengi kwenye kisiwa cha Pulau Bidong, chenye ukubwa wa kama kilomita moja ya mraba. Katikati ya mwaka 1979 kilibeba watu wapatao 40,000. Hebu fikiria msongamano huo. Na hata pale, katikati ya foleni za maji na posho, watu walifungua vinyozi, cherehani, na vibanda vya chakula. Mtu aliyesimama kwenye foleni ya Bamba Chakula halafu akaenda kununua chapati kwa jirani anajua kwa nini. Posho inakushibisha, ila haikuulizi unapenda nini.

Julai 1979 mataifa yalikutana Geneva, na nchi za mbali zikakubali kuchukua wakimbizi wengi zaidi. Mwaka huohuo kambi ya Puerto Princesa ilianza, karibu na uwanja wa ndege wa mji. Tofauti yake na kambi nyingine za wakati ule ilikuwa mlango. Hong Kong, kwa mfano, baadaye Wavietnam waliwekwa nyuma ya nyaya. Palawan haikuwa ngumu hivyo. Wakimbizi waliweza kutoka kwenda mjini, na wenyeji waliweza kuingia, kununua mkate uliookwa humo na kukaa kula bakuli la tambi. Mimi naona hilo ndilo jambo kubwa katika historia yote hii. Jirani akila kwako mara moja, anakuwa mteja. Akila mara kumi, anauliza umetia nini.

Kisha ukaja mwaka 1989. Mpango mpya wa kimataifa ulisema kuwa wanaofika baada ya tarehe fulani ya mwezi wa Machi hawatahesabiwa wakimbizi moja kwa moja. Kila mmoja atahojiwa. Walioshindwa mahojiano walitakiwa kurudi Vietnam. Neno "kuhojiwa" silihitaji kulieleza kwa wasomaji wa gazeti hili, na wale wanaohoji pia wanalisoma. Mwanzoni mwa 1996 baadhi ya watu walipandishwa ndege kwa nguvu kutoka Palawan. Kelele zikapigwa, Kanisa Katoliki la Ufilipino likaingilia kati, na serikali ikaacha. Zaidi ya watu 2,000 waliruhusiwa kubaki, bila uraia. Kwa michango ya Wavietnam wa ng'ambo kilijengwa kijiji nje ya mji, kikaitwa Viet Ville, na ndani yake hoteli ya supu. Miaka ya 2000 Marekani ilikubali kuwachukua, na wengi wakaondoka. Nyumba za kijiji zikabaki tupu.

Hapo jamaa yangu wa kikundi angesema, unaona? Wameenda.

Lakini mjini chaolong ilikuwa imeshapata wenyewe. Wafilipino waliokula kambini, au waliofanya kazi pamoja na Wavietnam, walikuwa wamefungua hoteli zao. Walitia utamu zaidi kama midomo ya kwao inavyotaka, na rangi ya mbegu zao za kupikia. Hata jina lilipinda njiani. Kivietnam, cháo lòng ni uji wa mchele wenye matumbo; si tambi kabisa. Mtu wa Hanoi akiletewa chaolong ya Palawan angeshangaa. Watu wengine wanaita huko kukosea. Mimi naona ni sawa na mtoto wa hapa aliyezaliwa kambini anayechanganya Kiswahili cha Uvira na cha Lodwar: hajakosea, ndivyo anavyosema.

Nakiri hapa nina uchungu kidogo. Kila mwaka tunaitwa kwenye mafunzo ya biashara, tunapewa daftari na cheti. Si mabaya, nami nimehudhuria mawili. Ila upishi wa sufuria moja unajifunzwa kwa kuosha vyombo pembeni ya anayepika, na hilo halina cheti. Mama yetu alikuwa na msichana wa Kiturkana aliyemsaidia, akichota maji, akichambua maharage. Hakuna aliyemhesabu kama mwanafunzi, hata sisi.

Jumamosi nilipita pale. Kamba imefunguliwa. Msichana alikuwa ndani akisugua sufuria kwa mchanga. Nikamwuliza kama atauza. Akasema, "Kesho kutwa, nikipata makaa." Nikamwuliza atatia mawese kama mama, maana wateja wa Kongo watayadai. Akasema yeye hapendi mawese, atatia mafuta ya kawaida, anayetaka aje na ya kwake.

Jumatatu nitaenda na ya kwangu kwenye kichupa.