Fedha za Wengi Katika Kapu Moja: Somo Kutoka Florida

Katika mkutano mkuu uliopita tuliachana na swali moja bila jibu. Je, kila tawi liendelee kutunza michango yake lenyewe, au tuziweke fedha zote katika mfuko mmoja hadi ujenzi wa zahanati utakapoanza? Kabla hatujaamua, tumeona vema kuwasimulia ndugu zetu yaliyotokea katika jimbo la Florida, nchini Marekani, mwaka 2007.

Huko, miji, wilaya na bodi za shule hupokea sehemu kubwa ya kodi kwa msimu, lakini hulipa mishahara mwaka mzima. Ili fedha zinazosubiri matumizi zisilale bure, serikali ya jimbo iliunda mfuko wa pamoja. Kila mamlaka iliweka ziada yake, na bodi ya uwekezaji ya jimbo, chini ya gavana, mwanasheria mkuu na mkuu wa fedha, iliwekeza kwa niaba ya wote. Mji mdogo usio na mtaalamu wa fedha ulipata riba sawa na mji mkubwa, na uliweza kutoa fedha zake wakati wowote. Mfuko ulifikia takriban dola bilioni 27.

Lakini sehemu ya fedha hizo ilikuwa imenunuliwa hati za muda mfupi zilizotegemea mikopo ya nyumba. Mwaka 2007 Wamarekani wengi waliposhindwa kulipa mikopo hiyo, baadhi ya hati zilishuka thamani. Mwezi Novemba habari zikatoka katika vyombo vya habari, na wenye fedha wakaanza kukimbilia mlangoni. Kwa muda wa wiki chache zilitolewa zaidi ya dola bilioni 10. Tarehe 29 Novemba bodi ikasimamisha utoaji, zikiwa zimebaki takriban bilioni 14.

Waliowahi walitoka na fedha zao zote. Waliotulia na kuuamini mfuko ndio waliofungiwa nje. Walikuwepo waliolazimika kukopa ili walimu wapate mishahara. Mfuko ulipofunguliwa tena tarehe 6 Desemba, uligawanywa mara mbili: asilimia 86 yenye hati nzuri, na asilimia 14 yenye hati mbovu, ambayo haikuweza kuguswa. Hata sehemu nzuri iliwekewa kikomo cha kutoa.

La kushangaza ni mwisho wake. Sehemu ile mbovu ilirejeshwa kidogo kidogo, na kufikia mwaka 2014 wenye fedha walikuwa wamelipwa mtaji wao wote. Imani ndiyo iliyopotea kwanza, kwa sababu wengi hawakujua fedha zao zimewekwa wapi mpaka walipoambiwa na watu wa nje.

Kwa hiyo sisi wa kamati bado tunaunga mkono mfuko mmoja, kwa sababu tawi dogo peke yake halina nguvu mbele ya benki wala mkandarasi. Lakini tunaleta masharti matatu. Kwanza, iandikwe mapema fedha ziwekwe wapi na zisiwekwe wapi, hata kama kwingine riba ni nono. Pili, kila tawi lipate hesabu kila mwezi, na habari mbaya isomwe kwanza. Tatu, ikitokea upungufu, matawi yote yapunguziwe kwa kiwango kimoja, aliyewahi na aliyechelewa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu yetu, toa mchango wako mwaka huu, kisha uje mkutanoni uombe kuliona daftari. Kuuliza ni haki yako, na hakuna atakayekuona mkorofi.