Herufi moja iliyozaa plastiki ya kupitisha umeme

JUMA lililopita mwanafunzi wangu wa uzamili alijitetea kwa msemo tunaoupenda sana: kufanya kosa si kosa. Alikuwa amedondosha kiambishi katika tafsiri ya matini ya kisayansi. Nikamsimulia kisa cha Hideki Shirakawa.

Mwaka wa 1967 Shirakawa alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, Japani. Alichunguza asetilini, gesi ile ile ambayo mafundi wetu wa jua kali huichoma pamoja na oksijeni wanapochomelea vyuma. Asetilini ndiyo kitinda mimba wa ukoo wa alkaini: ina kaboni mbili tu, zilizoshikana kwa bondi tatu. Ikikutana na kichocheo chenye metali mbili, titani na alumini, bondi moja hufunguka na molekuli zikaungana kuwa mnyororo mrefu. Vichocheo vya aina hiyo vilianza na Karl Ziegler wa Ujerumani. Mwaka wa 1958 Giulio Natta wa Italia aliitumia mbinu hiyo kwa asetilini, akapata unga mweusi usioyeyuka, mgumu kuuchunguza.

Siku moja mtafiti mgeni kutoka Korea alifuata maagizo ya Shirakawa, lakini badala ya unga akapata vipande vya utando. Kumbe kichocheo kilikuwa kimezidi takriban mara 1,000! Palipotakiwa milimoli palitiwa moli. Baadaye Shirakawa alisema huenda yeye mwenyewe aliisahau herufi "m" alipoandika, au mgeni aliisoma vibaya.

Utando huo ulipoboreshwa ulimetameta kama fedha. Alan MacDiarmid wa Marekani aliuona mwaka wa 1975, akamwalika Shirakawa Pennsylvania. Huko, wakiwa na Alan Heeger, waliutia bromini na iodini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda hadi mara milioni 10. Mwaka wa 2000 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Hapo mwanafunzi wangu akatabasamu. Ati unaona, Profesa, kosa lina faida!

Hebu tusikimbilie huko. Miaka kadhaa iliyopita nilihariri tafsiri ya kijitabu cha afya. Palipopaswa kuwa na "miligramu" paliandikwa "gramu", nayo ilikuwa dawa ya mtoto. Nilikuwa nimeupitia ukurasa huo mara mbili bila kuliona kosa hilo. Niliposoma mara ya tatu, jasho lilinitoka. Kiambishi kile kile, mara 1,000 zile zile.

Shirakawa angeweza kuutupa utando ule na kumkemea mgeni. Badala yake, jaribio lilirudiwa tena na tena hadi chanzo kikajulikana, kisha kilichotokea kwa bahati kikafanywa kwa makusudi. Nobel ilianzia hapo, kwenye kulihoji kosa.

Basi tafsiri nimeirudisha kwa mwenyewe. Anieleze kila kiambishi kilidondokea wapi, na kwa nini.