Nani Mlezi, Nani Mlinzi: Meru na Embu Kabla ya Simu na Baada Yake

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inasema kwamba habari binafsi za mtoto nchini Kenya haziwezi kukusanywa wala kutumiwa bila idhini ya mzazi au mlezi wake, na Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 imeongeza makosa ya kumdhulumu mtoto kwa njia ya mtandao, kama vile kumnyemelea, kumtishia na kumshawishi kwa nia ya kumdhuru. Wengi huzisoma sheria hizi kana kwamba swali zinalolijibu, la nani amlinde mtoto na kusema kwa niaba yake, lililetwa na simu. Katika nyanda za mashariki ya Mlima Kenya, wanakoishi Wameru, Waembu na Wambeere, swali hilo limebishaniwa kwa karibu miaka mia moja, baina ya nyumba, wazee, misheni na serikali, na kila upande ulidai kusema kwa faida ya mtoto. Aliyekuwa nadra kuulizwa ni mtoto mwenyewe, na historia ya eneo hili inaonyesha jinsi kutomwuliza kulivyoziangusha amri zilizotolewa kwa ajili yake.

Kabla ya ukoloni, umri wa mtu haukuhesabiwa kwa miaka bali kwa jando na unyago, na maarifa ya mwili, ya ndoa na ya uzazi yaligawanywa kwa ngazi, hivi kwamba aliyekuwa hajaingia ngazi fulani hakupaswa kuyajua mambo yake. Vijana wa kiume wa Kimeru waliotahiriwa walihamia gaaru, yaani nyumba ya pamoja ya wapiganaji, ambako walilelewa na rika lililowatangulia mbali na macho ya mama zao. Wasichana wa Meru walipitishwa unyagoni baada ya kuvunja ungo, wakikaribia kuolewa, chini ya uangalizi wa wanawake watu wazima, na wanaume, hata wazee wenye hadhi, hawakuwa na neno ndani ya shughuli hiyo. Utaratibu huo ulikuwa na ukatili wake, kwa maana ukeketaji, ambao ni ukataji wa sehemu za siri za mwanamke, ulikuwa kiini cha unyago, na hakuna sababu ya kuupamba. Hata hivyo utaratibu huo ulimpa msichana jambo moja ambalo tawala zilizofuata hazikumpa: alijulishwa ni nani hasa wa kumwendea na siri yake, na huyo alikuwa karibu, akimjua kwa jina na kwa ukoo.

Kisha ukaja utawala wa Waingereza. Boma la serikali la Embu lilianzishwa mwaka wa 1906 na la Meru mwaka wa 1908, na misheni zikafuata upesi: Waanglikana wa CMS upande wa Embu, Wamethodisti na Wakatoliki wa Consolata upande wa Meru, kisha Kanisa la Scotland lililofika Chogoria mwaka wa 1922 chini ya daktari Archibald Irvine. Katika miaka ya 1920 serikali iliyahimiza Mabaraza ya Wenyeji, vyombo vya wilaya vilivyoongozwa na mkuu wa wilaya Mwingereza, yapitishe maazimio ya kupunguza ukubwa wa ukataji, na mabaraza ya Embu na Meru yakafanya hivyo bila mabadiliko makubwa vijijini. Mwaka wa 1929 Kanisa la Scotland lilikwenda mbali zaidi. Waumini walitakiwa kuweka kirore, yaani alama ya kidole gumba kwenye karatasi, kuthibitisha kwamba wameuacha ukeketaji, na aliyekataa alijiondoa kanisani, na mara nyingi watoto wake walijikuta nje ya shule ya misheni. Chogoria ilipoteza sehemu kubwa ya washirika wake. Kwa mzazi wa wakati ule kirore kilikuwa mtego, kwa sababu aliwekewa mbele yake maandishi ambayo wengi hawakuweza kuyasoma, akaambiwa kwamba kidole chake ndicho kitakachoamua mustakabali wa binti yake.

Jambo lililofuata halitajwi sana, ingawa lina uzito kuliko kirore. Maafisa wa Meru walikuwa na wasiwasi juu ya uzazi, kwa kuwa mila ilichukia vikali mimba ya msichana ambaye bado hajapitishwa unyagoni, na mimba kama hiyo mara nyingi iliishia kwa kuitoa. Serikali, iliyotaka watu waongezeke, haikuona njia ya kuizuia chuki hiyo, ikaamua badala yake kuurudisha nyuma umri wa unyago, ili wasichana wakeketwe kabla ya kuvunja ungo. Ndipo katika miaka ya 1930 zikaja operesheni zilizokumbukwa kwa jina la kigwarie, ambamo askari walikusanya wasichana wadogo wakeketwe kwa pamoja, bila maandalizi, bila mafunzo, na bila ridhaa ya mama zao. Dola iliyokuwa ikisifu juhudi za kuupunguza ukeketaji iliuamrisha ufanywe mapema zaidi. Mafunzo yaliyompa msichana mahali pa kupeleka siri yake yakatupwa, kisu kikabaki. Katika historia yote ya eneo hili ni vigumu kupata mfano mchungu zaidi wa ulinzi wa mtoto uliobuniwa ofisini kwa hesabu za ofisini.

Katika miaka hiyohiyo ya 1930 serikali iliigundua upya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru ambalo mahali pake patakatifu ni Nchiru huko Tigania, na mkuu wa wilaya H. E. Lambert, mtu yuleyule anayejulikana kwa wasomi wa Kiswahili kwa utafiti wake wa lahaja za pwani, akaliingiza katika utawala wa wilaya. Hivyo mnamo Aprili 1956, nchi ikiwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952, wazee wa Njuri, wakiungwa mkono na mkuu wa wilaya J. A. Cumber, walipiga marufuku ukeketaji kwa kauli moja. Wazee wanaume wakawa wametoa hukumu juu ya shughuli ambayo kwa mila haikuwa yao.

Jibu lilitoka kwa wasichana. Walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani kwa makundi, wakakeketana wenyewe, na rika lao likaitwa Ngaitana, maana yake ni kwamba msichana atajitahiri mwenyewe. Baina ya mwaka wa 1956 na 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo, na familia zikatozwa faini za fedha na mifugo hadi hamu ya kuitekeleza marufuku ilipofifia. Ni kosa kuwageuza wasichana hao kuwa mashujaa wa uhuru, kwa sababu waliumia, na waliumia kwa jambo ambalo halikuwa na faida kwa miili yao. Lakini ni kosa kubwa zaidi kudhani kwamba walitumiwa tu na watu wazima. Waliogopa kubaki watoto milele machoni pa wenzao, na hakuna aliyewaonyesha njia nyingine ya kuwa watu wazima.

Njia hiyo nyingine ilikuja baada ya miaka 40, nayo ilitoka Gatunga, katika Tharaka. Mwaka wa 1996 wanawake wa huko, wakisaidiwa na shirika la Maendeleo ya Wanawake, walianzisha Ntanira na Mugambo, unyago wa maneno usiokuwa na ukataji, na familia zipatazo 30 zikawatoa binti zao. Wasichana waliwekwa ndani kwa siku kadhaa, wakafundishwa mambo ya mwili na ya ndoa, wakatoka kwa ngoma na zawadi mbele ya kijiji. Mpango huo haukumaliza ukeketaji, na sheria ya kuupiga marufuku nchini kote ilipitishwa mwaka wa 2011. Uzito wake ni kwamba uliwakutanisha mama, binti na wanaume wa nyumba katika makubaliano yaliyotangulia tendo, nao ukamrudishia msichana mtu mzima wa kumwuliza.

Simu ilizikuta wilaya hizi katika hali hiyo. Kebo za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, bei ya intaneti ilianza kushuka, na shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, simu ya mzazi ikawa darasa la mtoto kwa miezi mingi. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na Interpol uliotolewa mwaka wa 2021 ulikadiria kwamba asilimia 7 ya watoto wa Kenya wa umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walidhulumiwa kingono kwa njia ya mtandao katika mwaka mmoja tu, na kwamba waliosema habari hizo walielekea kumwambia rafiki kuliko polisi au ofisi yoyote.

Dola imejibu kwa nguvu zaidi kuliko zamani. Mwaka wa 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na mwaka wa 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa miongozo inayozitaka kampuni ziwe na njia za kuthibitisha umri wa mtumiaji. Faini hiyo ilikuwa ya haki, kwa maana mtoto hawezi kuirudisha picha yake ikishasambaa, na kampuni zenye faida kubwa hazipaswi kumwachia mzazi mmoja mmoja kazi ya kuzizuia. Tatizo liko kwenye idhini yenyewe. Mkulima wa majani chai wa Runyenjes au mchuma miraa wa Maua anawekewa mbele yake masharti marefu ya Kiingereza, akibonyeza tu anahesabiwa kuwa amekubali kwa niaba ya mtoto anayeijua simu hiyo kuliko yeye. Hapo ndipo kirore kimerudi kwa sura mpya, na yule anayetia kidole, kama mwaka wa 1929, anabeba lawama ya jambo ambalo hakupewa nafasi ya kulielewa.

Kuhusu umri pia, serikali inarudia kuhesabu miaka, wakati mtoto anayekatazwa huazima simu ya kaka au kuandika mwaka mwingine wa kuzaliwa kwa wepesi uleule ambao Ngaitana walinunua wembe. Sheria ya 2022 imeyatambua mabaraza ya watoto ili sauti yao isikike katika mambo yanayowahusu, na laini ya simu ya 116 inapokea malalamiko ya watoto bila malipo nchini kote. Vyombo hivyo viwili vina nafasi ya kumfikia mtoto moja kwa moja, ikiwa kaunti za Meru, Embu na Tharaka Nithi zitavipa fedha na watu wazima wanaozungumza lugha za nyumbani, kwa kuwa mtoto wa Igembe au Mbeere aliyetishiwa na mtu asiyemwona hataanza kuieleza aibu yake kwa Kiingereza.