Figo Nzima, Mrija Mbovu

Tarehe 2 Agosti 1869, mjini Heidelberg, Ujerumani, Gustav Simon alimtoa mwanamke mmoja figo. Figo yenyewe haikuwa na ugonjwa. Kilichoharibika ni mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni. Ulikuwa umejeruhiwa katika upasuaji wa awali wa kuondoa uvimbe wa ovari, na tangu hapo mkojo ukawa unamvuja usiku na mchana. Majaribio ya kuziba tundu yalishindikana.

Simon alikuwa ameshajaribu kwa mbwa, akaona kuwa figo moja inatosha kuishi. Mama yule akapona. Simulizi nyingi huiita siku ile ushindi, na kweli ulikuwa ushindi. Lakini mimi, ninayesoma uzamili wa historia ya tiba, hukwama kwenye bei yake: kiungo kizima kiliondolewa kwa sababu bomba lake halikutengenezeka.

Mwaka 1894 Mwitaliano Achille Boari alikata kipande cha ukuta wa kibofu cha mbwa, akakikunja kuwa mrija, akaziba pengo. Ni akili ya fundi cherehani: kitambaa kikipungua, chukua kwenye pindo.

Hatari mpya ikaingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1934 Mixter na Barr wa Boston walionyesha kuwa diski iliyotokeza kati ya pingili inaweza kubana neva na kuleta maumivu yanayoshuka mguuni. Upasuaji wa diski ukaenea. Sasa, mirija ya mkojo hupita mbele ya misuli iliyo kandokando ya uti wa mgongo, kiunoni. Daktari anayeingilia mgongoni haioni kabisa. Kifaa cha kung'olea diski kikipenya kupita kiasi, kinaweza kuuchana mmojawapo. Ni nadra sana. Ila mgonjwa huweza kuamka mguu hauumi tena, halafu siku kadhaa baadaye tumbo likauma na homa ikapanda, na watu wakadhani ni kidonda tu.

Jeraha dogo likigunduliwa mapema, huenda ikatosha stenti laini iliyojikunja ncha zote mbili, ambayo Roy Finney aliieleza mwaka 1978. Mrija ukikatika kabisa, ncha zake huunganishwa, au hutumika kipande cha Boari. Ukicheleweshwa mno, figo huharibika, na hapo hubaki dawa ya Simon.