Namna ya kutengeneza rafu ya visu ya ukutani kwa mabaki ya mbao

Visu vingi vya jikoni hulala kwenye droo au ndoo ya vyombo. Humo makali huisha kwa kugongana na vijiko, na mtu akipapasa kutafuta mwiko anajikata. Rafu ndogo ya mbao ukutani inamaliza tabu hiyo, na mabaki ya seremala yanatosha kuitengeneza.

Ubao wa nyuma uwe sentimita 50 kwa 30, unene wa sentimita 2. Wa mbele uwe sentimita 40 kwa 8. Mninga, mvule au mpaini, zote zinafaa. Mbao za kuezekea zenye rangi ya kijani ziachwe, maana zimetiwa dawa ya wadudu na hapa zitagusana na visu vya chakula.

Kati ya mbao hizo mbili hubandikwa vipande vya plaiwudi ya milimita 6, na nafasi kati ya kipande na kipande ndiyo nyumba ya kisu. Usikisie. Pima upana wa kila kisu, ongeza nusu sentimita, kisha chora kwa penseli. Piga msasa kwanza, kwani ndani ya nyufa hizo mkono hautaingia tena, halafu bandika kwa gundi ya mbao na ubane usiku kucha.

Kingo za juu za mbao zote mbili lazima ziwe sawa. Ule wa nyuma ukizidi, mpini utaugonga na kisu hakitakaa. Chini paachwe wazi ili maji na uchafu vidondoke.

Kwenye kufunga ndipo wengi huharibu. Msumari kwenye plasta hulegea, na siku rafu ikidondoka inashuka na visu vyote. Kwa ukuta wa tofali, toboa kwa keekee ya zege ya milimita 8 kwenye zile sentimita 5 zilizobaki kila upande, ingiza vile vidude vya plastiki, kisha kaza skrubu ndefu zinazopita plasta hadi kwenye tofali lenyewe. Nyumba ya mbao au bati? Skrubu iingie kwenye nguzo.

Isikae juu ya jiko, wala mahali ambapo mtoto aliyepanda stuli anafika. Watoto wakiwepo, ni afadhali ubao wa mbele ushuke hadi chini ufunike makali yote, hata kama kusafisha kutakuwa kugumu kidogo. Kisu kikaushwe kabla ya kurudishwa, vinginevyo mbao itaota ukungu.