Jinsi ya kuchagua skeli ya vigari vya mchezo wa mezani

SKELI ni uwiano baina ya kigari cha kuchezea na gari halisi. Skeli ya 1:64 ina maana kwamba sentimita moja ya kigari huwakilisha sentimita 64 za gari lenyewe. Hivyo basi, gari lenye urefu wa mita 4.5 huwa na takriban sentimita 7 katika skeli ya 1:64, sentimita 10.5 katika 1:43 na sentimita 2.5 pekee katika 1:180.

Wachezaji wengi huanza kwa kununua kigari kinachowapendeza macho. Ni afadhali kuanza kwa kupima meza. Meza yenye sentimita 120 kila upande huwakilisha uwanja wa takriban mita 77 katika 1:64, mita 52 katika 1:43 na mita 216 katika 1:180. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa humaliza mita 77 kwa muda usiotimia sekunde tatu. Kadiri vigari vinavyokuwa vikubwa, ndivyo nafasi ya kufukuzana inavyopungua, na mashindano ya mbio hugeuka kuwa msongamano.

Mchezo wa Car Wars, uliobuniwa Marekani mapema katika miaka ya 1980, ulitumia vipande vya kadibodi ambapo inchi moja iliwakilisha futi 15, yaani 1:180. Toleo la 2002 lilibadili kipimo hicho kuwa futi tano kwa inchi, yaani 1:60, karibu sawa na vigari vya kawaida vya madukani. Gaslands, mchezo wa Uingereza uliochapishwa 2017, ulitungwa makusudi kwa vigari vya Hot Wheels na Matchbox. Wenye vigari hivyo nyumbani hawalazimiki kununua vingine.

Hata hivyo, mnunuzi asiamini kila kinachoitwa 1:64. Aghalabu watengenezaji hupunguza umbo la gari ili lienee katika pakiti, hata lori na gari dogo hulingana urefu. Ili kubaini ukweli, gawa urefu wa gari halisi kwa urefu wa kigari. Lori la mita 9 likiwa na sentimita 7, skeli yake ni karibu 1:129, wala si 1:64. Likiwekwa kando ya gari dogo la 1:64, litaonekana kama kibeti.

Jambo la mwisho ni vifaa vinavyoandamana na vigari. Watu, nyumba na vizuizi sharti vilingane navyo. Aidha, anayebadili skeli ya mchezo hana budi kubadili vipimo vyote vya mwendo, kona na umbali wa kufyatua silaha kwa kiwango kile kile. Asipofanya hivyo, atakuwa amegharamikia vigari vipya huku kanuni za mchezo zikipoteza maana.